Vipimo vikiwa safi, tuambieni na kilichobaki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na watu wa huku kwetu kusini, hasa wale waliowahi kukimbizwa hospitali usiku wakiwa na uhakika wanakufa, wakapimwa presha, sukari, malaria, wengine wakawekewa na zile waya za kupima moyo, alafu wakaambiwa vipimo viko safi, huna tatizo, nenda kapumzike. Maneno hayo nayajua maana na mimi nimeshaambiwa. Ninachosema ni kwamba hayo maneno ni nusu ya jibu tu, na nusu iliyobaki isiposemwa mtu anatoka pale mlangoni na mzigo mkubwa kuliko alioingia nao, sababu sasa anaamini ana ugonjwa ambao hata mashine haiuoni.

Nusu iliyobaki ni hii: ulichopata ni shambulio la hofu, vijana wanaita paniki ataki, madaktari wanalijua vizuri, shambulio lenyewe haliui, na kuna namna za kujifunza kulituliza mpaka linaisha nguvu. Ni maneno machache sana. Yangesemwa pale pale kwenye benchi la zahanati yangeokoa watu miezi ya mateso na hela nyingi.

Mi ni karani wa mzani kwenye chama cha msingi cha korosho, wilaya ya Tandahimba. Lilinianza ghalani msimu umechanganya, magunia yamepangwa mpaka karibu na mlango, mabati juu yanawaka, kila mkulima anataka apimiwe yeye kwanza awahi mnada. Hamna mtu aliyenigombeza siku hiyo na hamna habari mbaya niliyopewa. Ghafla tu moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi na midomo nayo, jasho la baridi, watu nawaona wako mbali na sauti zao nazisikia lakini hazinifikii, alafu likaja wazo moja likasimama katikati ya kichwa, nakufa. Siyo kwamba naogopa ntakufa siku moja, hapana, nakufa sasa hivi hapa hapa juu ya magunia ya watu. Wenzangu wakanipakia kwenye bodaboda mmoja kanishikilia kwa nyuma. Kufika, kile kifaa cha kubana kwenye kidole kikasoma 98, yani hewa imejaa tele kwenye damu wakati mimi naapa sina pumzi. Nikaambiwa ni uchovu. Nikarudi nyumbani, na usiku ule nililala nimeshika shingo nasikiliza mapigo.

Nimekuja kuelewa baadae sana, kwa kuelezwa na nesi mmoja wa afya ya akili ambaye Mungu ambariki, na kwa kusoma. Mwili wetu umeumbwa na mfumo wa kujihami. Ukitokewa na nyoka shambani mwili hausubiri ufikirie, unamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unaongeza kasi upeleke damu kwenye mapaja na mikono, pumzi zinaongezeka, jasho linatoka, tumbo linasimamisha kazi yake, ndo maana unajikuta umesharuka pembeni kabla hujajua umeona nini. Kwenye shambulio la hofu mfumo ule ule unawaka na nyoka hayupo. Ni kama mbwa wa ghalani anayembwekea mwenye ghala gizani, mbwa ni mzima, kazi yake anaijua, ila mtu ndo kamkosea. Kwa hiyo moyo unaodunda vile siyo moyo uliochoka, ni moyo wenye nguvu unaofanya kazi ambayo muda huo haikuhitajika.

Na hii habari ya pumzi naomba watu waisome taratibu maana ndo iliyonifungua mimi. Ukihema kwa haraka kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya ukaa kwenye damu inashuka chini ya kiwango chake, na ikishuka ndo kinakuja kizunguzungu, ganzi ya vidole na kuzunguka mdomo, mikono kukakamaa, na ile hali ya kuona dunia siyo ya kweli. Mtu anahisi hewa haitoshi, anavuta nyingine, kumbe anazidi kuishusha ile ya ukaa, dalili zinazidi, anavuta tena. Ndo maana wale wanaokushika mabega na kukuambia "vuta pumzi ndefu, vuta, vuta" wana nia nzuri kabisa lakini wanakuongezea. Kinachosaidia ni kutoa. Vuta kawaida kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka sita au zaidi, tumbo ndo litembee, mabega yatulie. Na habari ya kupumulia kwenye mfuko tuiache, kwa mtu mwenye pumu au moyo kweli inaweza kumdhuru.

Shambulio linapanda haraka, mara nyingi ndani ya dakika 10 limeshafika kileleni, alafu linashuka lenyewe, wengi ndani ya nusu saa wameshatulia ingawa uchovu unabaki. Linashuka sababu mwili hauwezi kukaa kwenye moto ule muda wote, una mfumo mwingine wa kuupoza. Hofu nyingine kubwa ni ya kuzimia mbele za watu. Kuzimia mara nyingi kunatokana na presha kushuka, na kwenye shambulio la hofu presha inakuwa imepanda, kwa hiyo watu wengi wanahisi wanadondoka na hawadondoki. (Ukiwa unazimia kweli kweli, hiyo ni nyingine, nenda kapimwe.)

Kuna wanaosema haya ni magonjwa ya kileo yameletwa na simu. Daktari mmoja Mmarekani, Jacob Da Costa, aliandika mwaka 1871 habari za askari wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kule kwao waliokuja kwake moyo unadunda, kifua kinauma, pumzi fupi, na akiwapima hakuti kilichoharibika kwenye moyo wenyewe. Miaka zaidi ya 150 hiyo. Mwaka 1980 mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili ukaupa ugonjwa huu sehemu yake na jina lake. Sa hivi madaktari wana orodha ya dalili 13, zikikujia nne au zaidi kwa pamoja na kwa ghafla basi hilo ni shambulio. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi ya aina moja au nyingine, wanawake wengi kuliko wanaume. Watu wote hao hawajarogwa na jirani.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mwaka 1986 mzunguko ambao niliposimuliwa nilinyamaza kimya. Kinatokea kitu kidogo mwilini, moyo umeruka pigo moja, au umeinuka haraka ukaona giza, au ni joto tu la kwenye gari. Wewe unakitafsiri kwamba ndo mwisho umefika. Tafsiri inaleta hofu, hofu inaleta adrenalini, adrenalini inazidisha zile zile dalili, na dalili zikizidi unasema si unaona, nilijua. Hapo mtu anazunguka mwenyewe hajui pa kutokea. Na ndo maana ile "huna tatizo" haitoshi, sababu haimpi tafsiri nyingine ya kushika badala ya ile ya kifo. Binadamu lazima ashike tafsiri fulani, asipopewa ya kweli ataokota iliyo karibu.

Na iliyo karibu huku kwetu tunaijua. Karogwa. Ana jini. Mashetani ya ukoo yanamtaka. Mi siwadharau wazee wetu, nimelelewa nao, na naswali. Nina shangazi yangu alikuwa ananisomea dua kwa upole ameniwekea mkono mgongoni, pumzi zangu zikawa zinafuata sauti yake mpaka natulia, na hilo namshukuru mpaka leo. Lakini kuna kingine kinaitwa msaada ambacho ni balaa, mtu yuko katikati ya shambulio anafungiwa chumbani na watu kumi, moshi wa ubani, kelele, wanamuuliza jini "wewe nani, unataka nini", huyu mwili wake umeshaamini kuna hatari na sasa kila mtu chumbani anauthibitishia kwamba ndiyo, ipo. Alafu anatozwa hela, mbuzi, kitambaa. Nawaomba masheikh na wachungaji, mtu akija kwenu na hali hii ombeni naye, na mumwambie aende na hospitali, vyote viwili vinakaa pamoja.

Hata usiku inakuja. Mtu anashtuka usingizini moyo unapasuka, anasema ni jinamizi. Jinamizi unaamka macho yanaona lakini mwili umefungwa huwezi hata kunyoosha kidole. Shambulio la hofu la usiku ni kinyume chake, mtu anaruka kitandani anakimbilia mlango au dirisha atafute hewa. Usingizini au mchana dawa yake ni ile ile.

Sasa nifike kwenye kinachoumiza kuliko shambulio lenyewe, nacho ni kukwepa. Lilikushika kwenye basi, basi hupandi tena. Nilikuwa nikipanda gari ya Mtwara nakaa siti ya mlangoni tu, nikikosa naacha gari iondoke, na tukifika Nanyamba abiria wakijaa naanza kuhesabu vituo. Msikitini safu ya nyuma karibu na viatu. Sokoni namtuma mtoto. Chupa ya maji mkononi kila sehemu, simu imejaa chaji, mtu wa kunisindikiza. Kila ukikwepa unapata nafuu, nafuu ya kweli kabisa, na hiyo nafuu ndo inaufundisha mwili kwamba pale palikuwa na hatari na umepona sababu umekimbia. Kwa hiyo dunia inapungua, leo basi, kesho soko, keshokutwa hata barazani. Kuna kijana wa bodaboda mtaani kwangu Chikongola aliacha kwenda Mikindani, kibarabara cha lami kizuri kando ya bahari, sababu lilimkuta kule mara moja. Baadae akaacha kuvuka mzunguko. Mwisho pikipiki akampa mdogo wake, yeye akabaki anakaa kwa mama yake na watu wanamwita mvivu. Huyo kijana ana mke na watoto, siyo mvivu.

Kinachorudisha maisha ni kurudi, polepole, na kwa mpango. Yule nesi alinipa kazi ambayo kwanza niliona haiwezekani, alinitaka nizilete dalili mwenyewe kwa makusudi nikiwa sehemu salama. Ruka ruka papo hapo dakika moja mpaka moyo uende mbio. Zunguka mpaka upate kizunguzungu. Pumulia mrija wa soda huku umebana pua. Alafu kaa, usifanye chochote cha kujiokoa, angalia kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba moyo unadunda, unapungua, unatulia. Ukifanya hivo mara nyingi mwili unaanza kuelewa kwamba moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio tu. (Mwenye tatizo la moyo, pumu, kifafa au mjamzito asijaribu kabla ya kuongea na daktari.) Baada ya hapo ndo unarudi kwenye sehemu zenyewe. Basi la kituo kimoja na mwenzako, alafu kituo kimoja peke yako, alafu viwili, alafu siti ya katikati. Likija humo humo ndani ya basi usishuke, hilo ndo gumu na ndo lenye faida, kaa nalo mpaka lishuke lenyewe, ukishuka kwenye gari limepanda unaondoka nalo.

Likiwa limeshika mi najisemea kwa sauti ndogo, hili ni shambulio, nalijua, limeshakuja na likaondoka. Nakanyaga chini kwa nguvu nisikie ardhi. Natoa pumzi ndefu. Sipambani nalo, maana nilivyokuwa nalikaza lisije ndo lilikuwa linakuja na nguvu mbili. Mwenye tasbihi avute tasbihi polepole.

Wewe uliye pembeni, mke, mume, dereva, mwalimu, usimwambie "acha kupaniki" wala "mbona huna kitu". Watu watawanyike. Usimwagie maji. Ongea kwa sauti ya chini, mwambie niko hapa, litapita, tutoe pumzi pamoja, na wewe mwenyewe utoe polepole akuone. Likipita usimcheke na usiende kulisimulia kijiweni.

Vitu vya kupunguza vipo na vinajulikana, kahawa nyingi, zile enaji drinki wanazokunywa madereva wa usiku, sigara, kukosa usingizi, na pombe, maana mtu akinywa uraka, ile pombe ya mabibo, jioni anatulia kweli ila kesho yake asubuhi pombe ikitoka mwili unatetemeka na moyo unaruka, anadhani ugonjwa umerudi anakunywa tena. Msimu wa mabibo tuuangalie kwa jicho hilo.

Dawa zipo. Za kundi la fluoxetine na sertraline zinasaidia watu wengi lakini zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi kidogo, na haziachwi ghafla. Diazepamu inatuliza haraka ila mwili unaizoea vibaya, kwa hiyo kuinunua tu dukani na kuifanya ya kila siku hapana. Tiba ya mazungumzo yenye mazoezi kama hayo niliyoyataja nayo ni tiba kamili, siyo maneno ya kufariji.

Na lazima niseme hili kwa nguvu, barua yangu isije ikamzuia mtu kwenda hospitali. Mara ya kwanza nenda kapimwe. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta dalili hizi hizi, upungufu wa damu pia, sukari kushuka, pumu, na matatizo ya kweli ya mapigo ya moyo. Maumivu ya kifua yanayokandamiza na kwenda mkononi au kwenye taya, yanayokuja ukitembea au ukibeba mzigo, hasa kama una umri umeenda au una presha au kisukari, hayo siyo ya kukaa nayo nyumbani ukihesabu pumzi. Homa nayo ni homa, pima malaria.

Baada ya hapo, kwa sisi wa Mtwara ulizia huduma ya afya ya akili pale hospitali ya Ligula au hospitali ya kanda Mitengo, wenzetu wa Lindi anzieni hospitali ya Sokoine. Watu wengi wanaona aibu kuonekana kwenye mlango ule wakidhani ni wa vichaa. Pale nilikaa kwenye foleni na mama mjamzito, mwalimu, na mzee mmoja wa Newala ambaye hajalala vizuri tangu azike mkewe. Watu wa kawaida.

Ombi langu la mwisho ni kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya mikoa hii miwili. Najua foleni zenu, najua mko wachache na mnafanya kazi kubwa. Ila mkishampima mtu mkaona vipimo viko safi na dalili ni hizi, tunaomba kwenye daftari lake la matibabu muandike shambulio la hofu, mumwambie kwa mdomo ni kitu gani na haliui, na mumwandikie aende wapi kwa ajili ya afya ya akili na siku gani wanapokea. Lile daftari atakwenda nalo kwenye zahanati nyingine likimshika tena, na yule atakayempokea kule hataanza upya.

Msomaji wenu,
Karani wa mzani,
Chikongola, Mtwara